Mvumo wa Wanaume wa Malambo

Keki ya kuniaga haijaisha hata nusu na tayari mmenipigia simu. "Mama Safari, ile mashine imekufa." Haijakufa. Taa inawaka, waya wa umeme mmeuchomeka, mnabonyeza funguo mpaka vidole vinauma, na kimya. Nendeni upande wa kulia, nobu kubwa ya mwisho, ile iliyokwanguka rangi. Izungusheni taratibu. Haya, mmesikia? Sauti ilikuwepo muda wote, ninyi ndio mliofunga lango.

Nimeona badala ya kupokea simu kila asubuhi nikiwa na jembe mkononi, niwaandikie mara moja. Habari za vyeo sitazigusa. Studio yetu hapa Karatu kwa miaka mingi ilikuwa na watu wawili, bosi na mimi, na bosi alipoondoka nikawa wote wawili. Nitawaeleza mashine, mtu aliyenifundisha, na kazi moja ambayo nikiikumbuka naacha ninachofanya.

Mimi ni mtoto wa Mang'ola, nimekulia kwenye vitunguu. Nilipanda kuja mjini kuimba alto kwenye kwaya, kwaya ikaenda kurekodi, na mimi sikurudi nayo. Huo ndio usaili wangu wote. Mwenye studio alikuwa Mzee Eliapenda, Mpare wa Usangi, aliyepiga kinanda kwenye bendi za dansi Arusha mpaka mgongo ukamkatalia. Alivaa suruali yake juu ya kitovu, na chombo chochote chenye kioo cha kuonyesha namba alikiangalia kama mtu anayemwangalia mkwe asiyemtaka.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu. Alinipa rundo la nyaya nizikunje. Nikazizungusha kwenye kiwiko, chap chap, kama kamba ya kufungia ndama. Akaja, akaangalia, akazimwaga zote chini.

"Martina, waya una namna yake ya kulala," alisema. "Ukiulazimisha unavunjika kwa ndani, na utavunjika siku ya harusi ya watu. Anza tena."

Nilianza tena, na tena. Nilirudi nyumbani nikiapa kwamba sikanyagi pale. Kesho yake nilikuwa mlangoni kabla yake, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilitaka nimwonyeshe kwamba sasa najua.

Mashine yenyewe, sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, mnaiona kila siku: sanduku jeusi lenye mbavu za mbao, funguo fupi, uso uliojaa nobu, na upande mmoja matundu ya kuchomekea nyaya kama yale ya wapokea simu wa zamani. Mzee aliachiwa na mwanamuziki mgeni aliyekuwa akipiga kwenye hoteli za watalii huku juu. Kijitabu cha maelezo hakikuwepo. Nilipouona ule uso kwa mara ya kwanza nilitamani vitunguu.

"Kwenu Mang'ola maji yanatoka wapi?" Mzee aliniuliza.

"Kwenye chemchemi, Mzee."

"Halafu?"

"Yanaingia mfereji mkubwa. Halafu kila shamba lina lango, mtu anafungua kwa zamu yake."

"Basi mashine umeshaijua. Unachokosa ni majina."

Akaweka kidole upande wa kushoto kabisa. Hapa ni osileta, ndiyo chemchemi. Inanguruma muda wote, umebonyeza hujabonyeza. Akasogeza kidole. Hapa katikati ni filta, ndilo chujio. Ukiifunga, zile sauti kali zinabaki nje na inapita sauti nzito tu, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Ukiifungua, sauti inang'aa. Kidole kikafika kulia. Hapa ni ampu, lango la shamba. Likifungwa, huku nje husikii kitu, hata chemchemi ifurike namna gani. Na huu ufunguo unaoubonyeza? Huyo ni mtu wa zamu. Yeye hatoi maji. Anafungua lango, na anaiambia chemchemi itoke juu au itoke chini.

Mpaka hapo nilikuwa naelewa. Kilichonichelewesha ni zile nyaya. Nilidhani kila waya umebeba sauti, nikawa nachomeka ovyo, mashine inatoa milio ya mbuzi aliyekanyagwa. Mzee alicheka mpaka akakaa.

"Sikiliza. Kwenu mwenyekiti wa mfereji anapiga filimbi zamu ikibadilika, siyo?"

"Ndiyo."

"Ile filimbi inamwagilia kitunguu?"

"Hapana."

"Lakini malango yanafunguka. Basi na hapa kuna nyaya zinazobeba maji, na kuna nyaya zinazobeba filimbi. Sauti na amri. Kabla hujachomeka waya, jiulize, huu umebeba maji au filimbi?"

Vijana, hapo ndipo ilipo siri yote ya mashine hii, na mengine ni kuzoea. Mkipotea, wekeni kidole kushoto, mkifuate mpaka kulia, mkiulizana hilo swali. Nimewafundisha watu wengi kutumia mashine hii na sijapata maneno bora kuliko ya Mzee.

Tabia yake nyingine ni baridi. Ninyi mmezaliwa na vyombo vya kompyuta, hamjui kwamba chemchemi ya mashine hii inapanda na kushuka kwa hali ya hewa. Mwezi wa sita, ukungu unaposhuka kutoka msituni mpaka unashindwa kuona duka la jirani, mashine ikiwashwa inaimba wimbo wake peke yake. Iwasheni kwanza, mkanywe chai, mle na viazi, ndipo mrudi kuiweka sawa. Sisi tulikuwa tunaifunika lubega jekundu la Kimasai, na wageni walidhani ni mapambo. Kuna siku tulikwenda kupiga kwenye hoteli moja huko juu ukingoni mwa kreta, kwenye baridi ya kukata masikio, na Mzee hakutaka kusubiri. Kufika wimbo wa tatu gitaa lilikuwa huku na mashine iko kule. Watalii walisimama wakapiga makofi, nadhani walijua ndivyo asili yetu ilivyo. Mzee aliinama kwa heshima zote kama aliyekusudia.

Baadaye vikaja vinanda vyenye sauti mamia, tayari tayari, na kila kwaya ikataka tarumbeta ileile. Mzee alikuwa akisema ni kama koti la mtumba, unalipata, unalivaa, lakini lilishonwa kwa mabega ya mtu mwingine. Kisha alikuwa akilivaa, kwa sababu mteja ni mteja. Ile mashine ikawa inakaa siku nyingi chini ya lubega lake. Mzee alipochoka alirudi Usangi kwa wanawe, akanikabidhi funguo za studio, na huko ndiko alikofia. Nilikwenda kumzika. Nililia kama nazika baba, na watoto wake wakawa wananiuliza, wewe dada ni wa ukoo gani?

Sasa nije kwenye ile kazi.

Ilikuwa wakati wa ukame, ule ambao hata huku Karatu mahindi yalikauka yakiwa magotini. Kwaya moja ya Wamasai kutoka Malambo ilikuwa imeshaweka miadi ya kurekodi. Walifika na pikapu ya kukodi, wamepitia Engaresero na Mto wa Mbu, vumbi limewabadilisha rangi. Walishuka wanawake peke yao. Nikasubiri nikiangalia barabara.

"Wanaume wako nyuma?" nikauliza.

Aliyejibu alikuwa mwongozaji wao, Namunyak, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye wenzake walinyamaza akifungua mdomo. "Wanaume wako na ng'ombe. Ng'ombe wako na majani. Majani hatujui yako wapi."

Nikamwambia hakuna shida, tutapanga siku nyingine wakirudi. Alizisogeza shanga za shingoni kwa vidole viwili, nikaona uvimbe, mkubwa, umekaa upande mmoja wa koo. Binti yake, Nasieku, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na ndiye aliyekuwa msemaji wao kwa madaktari, akanieleza. Mama anakwenda kupasuliwa wiki ijayo. Daktari amewaambia wazi kwamba uvimbe umekumbatia mishipa inayoendesha sauti. Kuongea huenda ataongea. Kuimba, hawezi kuahidi.

"Kwa hiyo siku nyingine ni hii," alisema Namunyak.

Nilifanya ambacho fundi yeyote angefanya. Nikasema tuchukue sauti yako leo, wanaume tutawaongeza wakirudi, kompyuta inaruhusu, kila mtu ana mstari wake. Alisimama mbele ya kipaza sauti. Akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Nilidhani ni koo.

"Siwezi kuanza," alisema. "Kwetu wanaume wananguruma kwanza, ndio mimi naingia. Sauti ya mtu mmoja inasimama juu ya watu. Hapa mama fundi sina pa kukanyaga."

Wenzake wakajaribu kunguruma kwa niaba ya waume zao. Walianza vizuri, wakaangaliana, wakaishia kucheka na kukohoa. Namunyak naye alicheka, kisha akakaa chini na kutazama sakafu. Mimi nikaenda kulivua lubega.

Nikawasha mashine, nikawapa wote chai, tukasubiri ipate moto. Osileta ya kwanza nikaishusha chini kabisa, ya pili nikaiweka karibu nayo, isilingane sawasawa, maana wanaume wawili hawawezi kunguruma kama mtu mmoja. Filta nikaifunga karibu yote. Ufunguo mmoja nikaukandamiza kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa ili ubaki chini. Mvumo ukatoka, mzito, madirisha yakaitikia.

Namunyak alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Huyu hapumui."

Alikuwa sahihi. Nikaongeza ile sauti ya upepo, kidogo tu. Halafu nikachukua lile wimbi la polepole, ambalo lenyewe halisikiki, kazi yake ni kutoa amri, nikalichomeka kwenye filta. Mvumo ukaanza kupanda na kushuka, hhm, hhm. Kasi yake niliipata kwa kuangalia mabega ya Namunyak. Alikuwa ameanza kuyarusha bila kujijua, na mimi nazungusha nobu mpaka mashine ikamfikia. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema jambo kwa Kimaa, wote wakacheka, na Nasieku akakataa kunitafsiria.

Namunyak akaingia. Mungu wangu, ile sauti. Nilikuwa nimerekodi kwaya nusu ya mkoa, lakini nywele zilinisimama. Halafu katikati ya mstari akakatisha.

"Ananiongelea juu. Mimi nasema, na yeye anasema tu."

Nikajua dawa yake. Mashine ina tundu la pembeni la kuingizia sauti ya nje. Ukichomeka kipaza sauti hapo, inapima ukubwa wa sauti ya mtu na kuigeuza kuwa amri. Nikaona niifanye mashine imsikilize mama mwenyewe. Lakini shanga zake zilikuwa zinalia kila akirusha mabega, na mashine ikawa inapokea amri kutoka kwa shanga. Nikamwomba avue zile za shingoni na zile zinazoning'inia masikioni.

Nasieku alitazama pembeni.

"Za shingo nitavua," Namunyak alisema taratibu. "Hizi za masikio sivui. Mume wangu yuko hai."

Kwao mke huzivua akifiwa na mume tu. Aliko mume wake hakujua, hata upande alioelekea hakuujua, lakini yuko hai. Niliona aibu mpaka masikio yangu mwenyewe yakawaka. Nikamwambia abaki nazo zote. Pale kwenye tundu la nje kuna filta nyingine ndogo. Nikaikaza mpaka kelele kali za shanga zikabaki nje na sauti ya mtu ikapita. Ilichukua muda, lakini ilikubali.

Kisha nikaipeleka ile amri kwenye filta ya mvumo. Akiimba kwa nguvu, mvumo ufunguke kwa nguvu. Nilijipongeza kabisa. Mimi nimelelewa kwenye kwaya za huku Karatu, na kwetu mwongozaji akipanda, wote tunapanda naye, tena anayechelewa anapigwa kiwiko. Sikujua kama kuna namna nyingine.

Namunyak akaimba mstari mmoja. Mvumo ukamrukia kama mbwa. Akapaza, ukapaza. Akanyamaza, ukanywea ukamwacha peke yake. Akashika koo kwa mkono, na safari hii nilijua kwamba linamuuma.

"Mama fundi," alisema, "huyu anashindana na mimi. Kwetu nikisema, wanaume wanashuka, wananipisha. Nikinyamaza, wanapanda, wananibeba mpaka nirudi. Wewe umeniletea mwanaume wa wapi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naangalia ile nobu ya amri. Iangalieni na ninyi. Sifuri yake haiko mwanzoni, iko katikati. Tangu nianze kazi niliizungusha kulia tu, amri ikizidi na sauti izidi. Upande wa kushoto hata Mzee sikuwahi kumwona akiutumia. Nikaishika, nikaivusha sifuri, ikatoa mikwaruzo ya vumbi la miaka, nikaipeleka kushoto, amri ikizidi sauti ipungue.

Mvumo ulijaa chumba. Namunyak akavuta pumzi, akaanza, na mvumo ukashuka ukampisha. Alipomaliza mstari ukapanda, taratibu, ukasimama pale ukimngoja. Akafumba macho. Aliimba wimbo wote, ule wa kumwomba Enkai, Mungu wao, awarudishe ng'ombe na watu waliofuatana nao, na wenzake wakimwitikia kutoka chumba cha pili. Akaimba na mwingine, na mwingine, mpaka nikaogopa kwa ajili ya koo lake nikamwonyesha ishara apumzike. Alikataa kwa kichwa. Aliimba nyimbo zote walizokuja nazo. Kisha akavaa shanga zake vizuri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ashe," ndiyo asante yao.

Alipasuliwa, akapona. Nasieku alinipigia kunieleza kwamba mama anakula na anatembea, na kuhusu sauti akasema tu, "Anaongea pole pole," nami sikumchimba. Mvua ziliporudi, wanaume walirudi na ng'ombe waliobaki, mume wa Namunyak akiwa mmoja wao. Wakasikilizishwa zile nyimbo. Wakauliza wale wanaume ni wa wapi. Wakaambiwa ni sanduku la Karatu, na mzee mmoja akataka kujua sanduku hilo ni la rika gani.

Baadaye Namunyak mwenyewe alikuja studio, na Nasieku. Alikuwa amenenepa kidogo. Shingo ilikuwa nyembamba, na kovu limejificha chini ya shanga. Aliponisalimia haikutoka sauti, ilitoka hewa tu. Nasieku alikuwa anarudia kila alichosema, ingawa nilikuwa nasikia.

"Anasema utoe sauti yake kwenye ule wimbo wa kwanza. Uache wanaume. Anataka mimi ndiye niimbe."

Nikamwuliza Namunyak kama ana hakika. Alinyoosha kidole kwenye kompyuta, kama mtu anayemwambia mtoto afunge mlango. Sauti yake ilikuwa kwenye mstari wake peke yake. Kuinyamazisha ni kubonyeza mara moja. Nikabonyeza, nikawanyamazisha na waitikiaji.

Mvumo ukaanza. Sikuwahi kuusikiliza peke yake. Ulipanda ukajaa, kisha ukashuka, ukatulia chini, ukapanda tena. Hakuna aliyekuwa anaimba, lakini mvumo ulikuwa unampisha mtu. Pale alipokuwa ameshusha mstari mfupi, ulishuka kifupi. Pale alipokuwa ameivuta sauti mpaka nikadhani atakata pumzi, ulikaa chini muda wote huo, unangoja. Nilimgeukia Namunyak. Midomo yake ilikuwa inacheza, na kila mvumo uliposhuka, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nasieku alisimama mbele ya kipaza sauti na machozi yanamtoka, mstari wa kwanza ukampita, na wa pili. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikuona haja ya kujificha. Namunyak akainuka, akaenda kusimama nyuma ya binti yake, akamwekea viganja mabegani. Mvumo ukapanda, ukajaa, ukaanza kushuka.

"Hapo," alisema kwa ile hewa yake. "Mimi niko hapo. Ingia."

Nasieku akaingia.